Alt ya kulia haitii, Ctrl inaganda: iulize kwanza kompyuta imesikia nini

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua laptopu ya mtumba iliyotoka Ujerumani, nikaweka Debian (aina ya Linux) pamoja na FVWM, meneja wa madirisha mwepesi, kwa sababu RAM yake ni ndogo. Mpangilio wa kibodi nilichagua wa Kijerumani ili ufanane na herufi zilizochorwa. Sasa nina shida tatu. Alt ya kulia haifanyi kitu. Alt+Tab nikitumia ya kushoto inakubali, ya kulia inagoma. Pili, nikiingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa VNC (programu ya kutumia kompyuta iliyo mbali), baada ya muda Ctrl inaganda: naandika w, kichupo cha kivinjari kinafungwa. Tatu, Super+Enter (Super ni kile kitufe chenye nembo ya Windows) niliyoipanga inifungulie terminali, siku nyingine inafungua, siku nyingine hata niibonyeze vipi haifungui, hasa mwisho wa mwezi ninapofanya hesabu. Fundi ameniambia kibodi imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hela ya kibodi iweke kwanza mfukoni. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika ya karibu asilimia mia kwamba kibodi yako ni nzima, na kwamba una magonjwa matatu tofauti yaliyokutana kwenye mwili mmoja. Fundi ameona homa tatu akaziita malaria.

Shift, Ctrl, Alt na Super ni vitufe vya kushikilia: peke yake havina maana, vinabadili maana ya kitufe kinachofuata. Ndiyo maana vikiharibika huonekana kama kila kitu kimeharibika. Ukibonyeza Ctrl, habari hupita mikono kadhaa. Chuma cha kibodi kinaiambia kerneli (kiini cha Linux), kerneli inaipa namba, seva ya X (programu inayoendesha skrini, kibodi na kipanya) inachukua namba hiyo na kuitafsiri kwa kamusi ya mpangilio uliouchagua, kisha meneja wa madirisha anaangalia kama ni amri yake, na akiiacha ndipo programu yenyewe inapokea. Kosa linaweza kuwa mkono wowote kati ya hiyo. Kazi ya kwanza ni kujua habari imepotoshwa na nani, na hilo huwezi kulijua kwa kubadilisha mipangilio huku na kule.

Chombo cha kuulizia ni `xev`. Kwenye Debian kimo ndani ya kifurushi cha x11-utils. Kiite kutoka kwenye terminali, kitafungua kidirisha cheupe. Peleka kishale humo, bonyeza Alt ya kulia, uachie. Kwenye terminali kutatoka mistari mingi ya kutisha, lakini unatafuta mmoja tu. Kwa mpangilio wa Kijerumani utakuwa hivi:

state 0x0, keycode 108 (keysym 0xfe03, ISO_Level3_Shift), same_screen YES

Mambo matatu yamo humo. `keycode` ni namba ya kitufe kama chuma, haijali umechagua lugha gani. `keysym` ni jina ambalo X imekipa kitufe hicho kwa kufuata kamusi yako. `state` ni orodha ya vitufe vya kushikilia vilivyokuwa vimeshikwa kabla tu ya tukio hilo. Hayo maneno "kabla tu" yamewapoteza wengi: ukibonyeza Ctrl yenyewe, `state` haitaonyesha Ctrl. Itaonekana pale unapoiachia, kwa kuwa wakati huo ndipo ilikuwa imeshikwa.

Sasa tazama jina. Hakuna Alt pale. Kitufe kimefika salama, keycode 108 ndiyo Alt ya kulia kwenye takribani kila kompyuta ya Linux, lakini kamusi inasema hiki kinaitwa ISO_Level3_Shift. Ukikitazama kitufe chenyewe utakuta kimechorwa "Alt Gr". Wajerumani wanakihitaji: @ kwao ni AltGr+Q, alama ya euro ni AltGr+E, na mabano ya mraba yako AltGr+8 na AltGr+9. Kwa hiyo shida yako ya kwanza haina ugonjwa. Uliomba Kijerumani, ukapewa Kijerumani.

Hapa nina neno la ziada ambalo hukuuliza. Kufuata michoro ya vitufe ni wazo zuri kwa anayetafuta herufi kwa macho. Kama umezoea kupiga chapa bila kutazama, mpangilio huo utakutesa, na utatesa Kiswahili kuliko lugha nyingine ninazozijua, kwa sababu kwenye QWERTZ, yaani mpangilio huo wa Kijerumani, herufi y na z zimebadilishana nafasi. Andika "kazi ya mama" kwa mazoea ya kawaida, itatoka "kayi za mama". Mbaya zaidi, "yangu" inageuka "zangu" na "zangu" inageuka "yangu". Yote mawili ni maneno halali, kikagua tahajia hakitasema kitu, na barua yako itasomeka kama ya mtu asiyejua ngeli. Halafu kuna ng'ombe. Kile kialama kilicho kando ya Backspace kinafanana na ritifaa lakini ni kitufe kinachosubiri: ukikibonyeza hakitoki kitu, ukifuatisha o unapata "ngómbe" yenye mkwaju juu ya o. Ritifaa ya kweli kwa Mjerumani iko kwenye kitufe cha # kando ya Enter, kwa Shift.

Kwa hiyo chagua. Kama vidole vyako vimezoea kibodi ya Kimarekani, andika:

setxkbmap us

Papo hapo Alt ya kulia inakuwa Alt, y na z zinarudi kwao, ritifaa inarudi. Michoro haitalingana tena. Bandika vibandiko au zoea. Kama unautaka Kijerumani lakini huna haja na AltGr, kuna chaguo la kuilazimisha Alt ya kulia iwe Alt:

setxkbmap de -option lv3:ralt_alt

ila hapo @ utaikosa, na mhasibu bila @ hataandika hata baruapepe. Mimi ningechukua `us`.

Kitu kimoja kuhusu `-option`. Amri hiyo haifuti chaguo za zamani, inaongeza juu yake. Mtu anajaribu moja, anajaribu la pili, la tatu, na yote yanakaa yakigombana. Ukitaka kuanza upya, andika `setxkbmap -option ''`, yaani chaguo tupu, kisha weka unalotaka. Kujua ulipo sasa ni `setxkbmap -query`. Ukiridhika, fungua /etc/default/keyboard, andika XKBLAYOUT="us", na hapo itadumu hata ukizima na kuwasha. Kuna watu watakushauri `xmodmap`. Ni ya kale, inafanya kazi, lakini ukichomeka kibodi nyingine ya USB mabadiliko yake huwa hayaihusu hiyo mpya, kwa sababu seva ya X hukipa kila kifaa kinachoingia kamusi ya kawaida. Mimi `xmodmap` naitumia kusomea tu. Tutaisoma sasa hivi, maana shida yako ya tatu ndiyo iliyonifurahisha zaidi.

Andika `xmodmap -pm`. Utapata jedwali la mistari minane: shift, lock, control, kisha mod1 hadi mod5. Hivyo ndivyo X11 ilivyozaliwa mwaka 1987: ina nafasi nane tu za vitufe vya kushikilia, na tano za mwisho hazina jina kwa sababu waliotengeneza hawakutaka kuamua kila kibodi duniani iwe na vitufe gani. (Majina Super na Hyper yenyewe yametoka kwenye kibodi za mashine za Lisp pale MIT, ambazo zilikuwa na vitufe vya kushikilia vingi kiasi cha kuchosha vidole.) Kwenye Linux ya leo mgawo wa kawaida ni huu: mod1 ni Alt, mod4 ni Super, mod5 ni ile AltGr. Na mod2? Mod2 ni Num Lock.

Soma hapo tena. Kwa binadamu Num Lock ni taa ya kuwashia namba. Kwa X ni kitufe cha kushikilia kama Ctrl, kilichoshikwa na kusahauliwa.

Rudi kwenye `xev` na uangalie namba ya `state`. Kila nafasi ina thamani yake: Shift ni 1, Lock ni 2, Ctrl ni 4, mod1 ni 8, mod2 ni 10, mod3 ni 20, mod4 ni 40, mod5 ni 80, na zikishikwa pamoja zinajumlishwa. (Ni hesabu ya msingi wa kumi na sita, ndiyo maana baada ya 8 tunaruka kwenda 10.) Ukishika Super ukabonyeza Enter, `state` ya Enter ni 0x40. Washa Num Lock, rudia, itakuwa 0x50. Vidole vimefanya kitu kilekile, lakini X inaona mambo mawili tofauti. Jambo moja la kuangalia: kama FVWM imeidaka Enter hiyo kabla, `xev` haitaiona kabisa, utaona FocusOut tu, yaani kidirisha kimepokonywa kibodi. Kutoonekana huko nako ni jibu: kitufe kimefika, kimechukuliwa na mwingine.

Sasa, meneja wa madirisha anapotaka njia ya mkato, humwambia X: "nipe Enter ikija na 0x40." X ni karani wa benki wa zamani. Ikija 0x50, sahihi hailingani, anaipitisha kwa programu kama kawaida. Mameneja wengi wa kisasa wanalijua hili, huomba mapema pande zote mbili, Num Lock ikiwaka na ikizimwa. FVWM, iliyoanzwa na Robert Nation mwaka 1993, inakuachia wewe uamue: usipoiambia, inapuuza Caps Lock peke yake.

Mwisho wa mwezi unafanya hesabu. Nadhani siku hizo unachomeka kibodi ya USB yenye safu ya namba pembeni, au unawasha namba zilizo ndani ya herufi za laptopu. Num Lock inawaka, na Super+Enter inakufa hadi siku utakapoizima. Jaribu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma: zima Num Lock, bonyeza Super+Enter.

Dawa ni mstari mmoja kwenye faili lako la FVWM, ~/.fvwm/config:

IgnoreModifiers L2

L ni Caps Lock, 2 ni mod2. Uuweke juu, kabla ya mistari yako ya Key, kisha uwashe FVWM upya. Kwenye mwongozo wa FVWM utaona mfano umeandikwa L25, na watu hunakili hivyohivyo. Hiyo 5 ilikusudiwa Scroll Lock, enzi ambazo Scroll Lock ilikaa mod5. Kwenye mashine yako mod5 ni AltGr, na huna sababu ya kumwambia meneja aipuuze. Pia kila kitu unachopuuza kinazidisha maradufu maombi ambayo FVWM inapeleka kwa X: kwa vitu viwili kila njia ya mkato inaombwa mara nne, kwa vitatu mara nane. Kwenye laptopu ya RAM ndogo hutaona tofauti kubwa, lakini sioni haja ya kulipia usichokula.

Tumalizie Ctrl inayoganda. Hapa kuna kompyuta mbili, na swali la kwanza ni ipi kati yake inayoamini Ctrl imeshikwa. Ikiganda, usiguse kitu. Toka kwenye dirisha la VNC, andika w kwenye terminali yako ya nyumbani. Ikitoka w ya kawaida, mashine yako haina kosa. Iliyoganda ni ya ofisini. Nakuwekea dau kwamba ndivyo itakavyokuwa.

VNC haipeleki hali ya kibodi, inapeleka matukio: "Ctrl imeshuka", "Ctrl imepanda". Ujumbe wa pili usipofika, upande wa pili utaendelea kuamini mpaka kesho. Na huwa haufiki hivi: FVWM, usipoipangia vingine, hulikabidhi zamu ya kupokea vitufe dirisha lililo chini ya kishale cha kipanya, bila kungoja ubofye. Wewe unashika Ctrl kunakili kitu ofisini, mkono mwingine unasukuma kipanya kidogo, kishale kinateleza nje ya dirisha la VNC, unaachia Ctrl. Taarifa ya kuachia inakwenda kwa dirisha lililopokea zamu. VNC haijui. Programu nzuri za VNC hujiachilia vitufe vyote zinapopoteza zamu, nyingine hazijishughulishi.

Dawa ya haraka: rudi ndani ya dirisha la VNC, bonyeza na kuachia Ctrl ya kushoto, kisha ya kulia. Zote mbili, maana X huzihesabu tofauti. Kama unatumia TigerVNC, fungua menyu yake (kwenye matoleo mengi ni F8): mna sehemu ya kuwasha Ctrl na Alt ziwe kama zimeshikwa, na ni rahisi kuigusa bila kujua. Dawa ya kudumu ni kuiambia FVWM ingoje ubofye ndipo ihamishe zamu:

Style * ClickToFocus

Na ikitokea w ya terminali yako ya nyumbani nayo inagoma, hapo ni hadithi nyingine. Fungua `xev` ya kawaida, ondoa mikono yote kwenye kibodi, sogeza kipanya tu juu ya kidirisha. Matukio ya kipanya nayo yana `state`. Ikionyesha 0x4 na hakuna aliyegusa kitu, X yako inaamini Ctrl imeshikwa. Ili kujua na kibodi ipi:

sleep 2; xinput query-state "AT Translated Set 2 keyboard" | grep down

Hilo ndilo jina ambalo kibodi za ndani ya laptopu nyingi huwa nalo. Amri `xinput list` itakuonyesha la kwako. Ile `sleep 2` usiiruke, vinginevyo utaona key[36]=down na kushtuka, kumbe ni Enter uliyoibonyeza kutuma amri yenyewe. Ukiona key[37]=down, Ctrl ya kushoto imeshuka kweli kwenye kibodi hiyo; 105 ni ya kulia. Kama haionekani popote na bado `state` ni 0x4, basi kuna programu iliyoibonyeza kwa niaba yako, au ile huduma ya kusaidia wasioweza kushika vitufe viwili kwa pamoja imewashwa.

Huduma hizo zina visa. Niliwahi kuitwa ofisi moja kwa kibodi "iliyokufa": herufi hazitoki mpaka ukandamize kila moja karibu sekunde nzima. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga, hali ileile. Nilipoinua macho nikaona jalada la mafaili limeegemea pembe ya kulia ya meza, mahali kibodi inapokaa siku zote, juu ya Shift. Kwenye mifumo iliyoruhusu njia hiyo, kushika Shift ya kulia sekunde nane huwasha hali ya vitufe vya polepole, na kuibonyeza Shift mara tano mfululizo huwasha ile ya vitufe vinavyonata. Nilishika Shift sekunde nane tena, ikazima. Nilikuwa nimeshakula muda wa saa nzima na bisibisi.

Ukihamia siku moja kwenye eneo-kazi la Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, kumbuka `xev` huko huona madirisha ya X peke yake, tumia `wev`. Kwa FVWM hilo halikuhusu, yenyewe ni ya X tu.

Na ili uwe na jibu la kumpa fundi wako, kuna kipimo cha chini kabisa, kabla X haijaingilia. Sakinisha `evtest`, iite kwa `sudo`, chagua kibodi kwenye orodha, bonyeza Ctrl ya kushoto. Utaona KEY_LEFTCTRL yenye namba 29 (ongeza 8 upate 37 ya `xev`), ikifuatwa na value 1 unapobonyeza, 2 zikijirudia ukishikilia, na 0 unapoachia. Bonyeza mara hamsini, polepole na haraka, pembeni na katikati ya kitufe. Kila 1 ikiwa na 0 yake, chuma ni kizima. Siku utakayoona 1 isiyofuatwa na 0, au kimya kabisa, mpelekee hiyo laptopu abadilishe kibodi, na hapo atakuwa amesema kweli.